Aliye Juu Habishi

Watu hunipigia simu msimu usiofaa. Mti umejaa maua, nyuki wanavuma, na mtu ananiambia, "Fundi, njoo unipogolee mchungwa wangu, matawi yameziba dirisha." Namwambia avute subira mpaka avune. Ananiuliza kwani kuna tofauti gani. Tofauti ni kwamba ukikata sasa, unayakata machungwa yakiwa bado maua, halafu baadaye utazunguka mtaa mzima ukisema nina mkono mbaya. Nimewaeleza watu wengi mpaka nimechoka kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Basi nieleze mara moja, nipumzike. Mchungwa unapogolewa ukishavunwa na kabla haujachipua upya, siku zikiwa kavu, maana kidonda cha mti kikinyeshewa kinaoza. Unaanza na matawi yaliyokufa, unafuata yenye ugonjwa, kisha yale yanayosuguana kama ndugu waliolazwa kitanda kimoja. Halafu unafungua katikati ili mwanga ufike ndani. Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja. Unalichanja kwanza kwa chini, ndipo unalikata kwa juu, la sivyo litaanguka kwa uzito wake na kuchuna ganda la shina mpaka karibu na ardhi. Usiache kisiki, wala usikate ukala shina. Kuna uvimbe mdogo pale tawi linapotokea. Huo uuache, ndio unaofunga kidonda. Hayo nayajua hata usingizini. Miaka ishirini na sita nimekuwa juu ya miti ya watu, na bega langu la kulia sasa linalia kuliko ngazi.

Niko juu mimi kwa sababu mume wangu hawezi kupanda. Akisimama kwenye stuli ya jikoni kubadilisha taa, magoti yanamcheza. Lakini kazi hii inataka watu wawili, kwa kuwa aliye juu ya mti hauoni mti. Anaona majani yaliyo mbele ya pua yake, basi. Umbo la mti analiona aliye chini. Kwa hiyo mume wangu huuzunguka mti taratibu, mikono nyuma, kidevu juu, kisha huanza kuniongoza: "Kushoto kwako. Juu kidogo. Siyo hilo, jirani yake. Hapo hapo!" Ndiyo maana mji mzima unamwita Hapo-Hapo. Jina alilopewa na baba yake lipo kwenye kitambulisho na hakuna anayelitumia.

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tuligombana kwenye mti mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri, mimi nimekalia tawi, yeye chini anatupa mikono. Mwenye mti alileta kiti akakaa kutuangalia, na baadaye akamwita mkewe naye aje aone. Siku hiyo tuliporudi nyumbani Hapo-Hapo aliniambia, "Tuweke utaratibu. Aliye juu habishi. Ana la kusema, ashuke kwanza aseme akiwa chini, auone mti kama ninavyouona mimi." Nilikubali, na si kwa shingo upande. Nilikubali kwa sababu kila niliposhuka na kuutazama mti kutoka pale aliposimama, nilikuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Ilifika mahali nikaacha kushuka. Alisema, nikakata.

Macho yake yalianza kumtupa mkono misimu mitatu iliyopita. Mwanzoni tulicheka. Asubuhi moja alilisalimia gauni langu lililoanikwa kwenye kamba, akaliuliza kama chai iko tayari. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kikombe. Baadaye ikawa si ya kuchekwa. Akawa anamimina chai pembeni ya kikombe, anafuta meza kwa kiganja, anasema kikombe kina ufa. Kikombe hakikuwa na ufa. Ukimtazama karibu unauona mtoto wa jicho kabisa, ukungu mweupe kwenye mboni, macho yote mawili. Yeye alisema ni vumbi la msumeno.

Binti yetu ni mtu wa kusema mambo yalivyo. Alimwambia kwenye simu, "Baba, wewe huoni. Nenda hospitali ya macho, wanautoa huo ukungu na jioni uko nyumbani." Hapo-Hapo aliweka simu mezani bila kuikata, akatoka nje. Tangu siku hiyo binti akipiga, yeye ananisukumia simu: "Binti yako huyo." Alikuwa binti yetu siku zote mpaka aliposema kweli. Miezi ikapita, hata salamu hampi. Mimi nikaona yaliyompata binti, nikajitia hamnazo. Mtoto anaweza kunyimwa maneno akawa na nyumba yake huko aliko. Mimi nyumba yangu ni hiyo hiyo, na kitanda ni hicho hicho.

Juu ya miti nikaanza kudanganya. Alisema, "Hapo hapo!" mkono ukielekea tawi zima lenye afya, nami nikakata lile lililostahili. Tawi lilianguka, yeye akasikia kishindo, akaridhika. "Safi," alisema. Msimu mzima nilifanya hivyo, na ule uliofuata. Si kazi ndogo. Unamsikiliza mtu, huku unafikiri kinyume chake, huku unakisia umbo la mti usiouona, na bega linawaka moto. Nilikuwa nashuka nimechoka kwa mambo mawili, kukata na kunyamaza, na la pili ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa nifike kwa Mwalimu.

Mwalimu ni mama mtu mzima aliyestaafu ukuu wa shule, anaishi peke yake kwenye nyumba ya matofali yenye michungwa sitini nyuma yake, imepangwa mistari kama wanafunzi wake. Mchungwa mmoja umesimama peke yake karibu na mlango wa jikoni. Ule ndio mama wa yote. Vijicho alivyobebeshea miche mingine, vile vitumba vya kwenye tawi, vilitoka kwake, na majirani wanapotaka mche mzuri wanakuja kuomba vijicho pale. Machungwa yake hayana mbegu, na ukimenya moja sebuleni aliye chumbani anajua. Mwalimu angeweza kuipoteza ile sitini akalia siku moja. Ule wa mlangoni ulikuwa jambo jingine.

Kubebesha nieleze, maana hapo ndipo kosa lilipo. Mchungwa mtamu una mizizi dhaifu. Kwa hiyo unapanda mbegu ya limau la mwituni, lile la ngozi ya mabonde mabonde ambalo hata mbuzi halitaki. Mche ukikomaa unauchanja shinani na kupachika kijicho cha mchungwa, kikishika unakata kichwa cha mlimau. Kuanzia hapo juu ni mchungwa, chini ni mlimau, na mahali vilipokutana pana kovu linaloonekana maisha yote. Kila chipukizi linalotoka chini ya kovu ni la mlimau. Unaling'oa likiwa bado laini. Ukiliacha, linapanda wima, lina nguvu, lina miiba mirefu, linakula chakula chote, na mwishowe unabaki na mlimau uliofuga mchungwa.

Mwaka jana tulikuwa kwa Mwalimu siku ya nne. Nilikuwa nimebakiza mti mmoja, huo wa mlangoni. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepiga moyo konde, nikamwambia mume wangu kwa upole twende hospitali ya macho tukaulize tu, kuuliza hakumwondoi mtu jicho. Akanijibu, "Wewe unataka nikae nyumbani nikuhesabie sufuria." Akageukia ukutani. Asubuhi Mwalimu alipokuja kututazama, nikamsikia mume wangu akimwambia, nami nipo palepale nafunga kamba ya ngazi, "Huyu mama siku hizi amekuwa mzito, Mwalimu. Kazi ingeisha jana. Namsukuma sukuma tu."

Nilipanda na maneno hayo. Shinani, nyuma ya pipa la maji ya mvua, ambapo hatukuwa tumepaangalia vizuri msimu uliopita, chipukizi la mlimau lilikuwa limeota na kufikia unene wa kifundo cha mkono. Lilikuwa limepenya hadi katikati ya mti. Mwiba wake ulinichoma kiganjani hata kabla sijatulia juu. Kando yake lilikuwa limelala tawi kubwa la zamani, la mchungwa wenyewe, lililobeba karibu mchungwa wote.

Hapo-Hapo alizunguka, kidevu juu. Nadhani aliona kitu kimoja kimesimama wima kwenye mwanga, na kingine cheusi kimelala.

"Hilo linalopanda wima ni zuri, liache," alisema. "Hilo zee linalolalia huku ndilo linaloziba. Likate lote."

Nikaweka mkono juu ya lile zee.

"Umelishika? Shuka kidogo. Hapo hapo!"

Nilikuwa nimelishika. Nilijua ni tawi gani kama ninavyoujua mkono wangu. Wakati wowote mwingine ningekata chipukizi, lingeanguka, angesema safi. Siku hiyo nilichoka. Nilichoka kuwa macho yake na kuitwa mzito. Nikajiambia: acha mti umwambie. Binti kasema, kafukuzwa. Mimi nikifukuzwa sina pa kwenda. Mti atauamini, maana mti hauna kiburi naye. Nikachanja kwa chini, nikakata kwa juu. Tawi lilipoanguka, mwanga mwingi mno ulinijia usoni, nikafumba macho.

"Safi," alisema.

Nilishuka, nikafunga kamba, nikakunja msumeno. Mti ulibaki na lile chipukizi, na tawi moja dogo la mchungwa upande wa ukuta, nene kiasi cha dole gumba, ambalo sikuwa nimeambiwa nilikate. Mwalimu alisema mti umepata hewa. Tukala chakula alichotupikia, tukaenda zetu.

Mwaka mzima nilisubiri, na nilikuwa naogopa kile nilichokuwa nakisubiri. Mara mbili nilipanga kwenda peke yangu kulikata lile chipukizi kimyakimya, na mara mbili nikapata udhuru. Mara ya kwanza mvua, mara ya pili bega. Ukweli ni kwamba nilitaka lizae.

Wiki iliyopita Mwalimu alipiga simu. Hakuuliza habari. Alisema, "Njooni. Wote wawili," kwa sauti ile iliyokuwa ikiwatoa watoto darasani.

Tulimkuta uani, sinia mezani. Kwenye sinia kulikuwa na malimau manane, makubwa, ya kijani kuelekea njano, ngozi mabonde mabonde. Mimi niliyaona tangu langoni na miguu ikawa mizito kweli. Hapo-Hapo hakuyaona. Alisalimia kwa uchangamfu, akauliza mavuno yamekuwaje.

"Onja, fundi," Mwalimu alimwambia, akampa kipande mkononi.

Alikitia mdomoni akiwa bado anatabasamu. Niliangalia lile tabasamu likiondoka. Hakutema. Alitafuna, akameza, akasimama kama mtu anayesubiri kuambiwa kuwa ni mzaha.

"Hili ni limau la mwituni," alisema. "Umelitoa wapi?"

"Mchungwa wangu wa mlangoni," Mwalimu alisema. "Umezaa haya. Machungwa sijaona hata moja. Nimefundisha watoto miaka thelathini na nane, fundi, najua mtu akikosea kidogo na akikosea sana. Nieleze hapa nini kimefanyika."

Hapo-Hapo aliutafuta ukuta wa jikoni kwa kiganja, akaufuata mpaka kwenye mti, akapiga magoti. Hakuna aliyemsaidia. Mwalimu alinitazama, nami nikatazama pipa la maji. Vidole vya mume wangu vilipanda na kushuka kwenye shina mpaka vikalipata kovu la kubebesha. Vikatulia. Kisha vikashuka, upana wa vidole viwili tu, vikapata mahali chipukizi lilipotokea, vikapanda nalo hadi kwenye mwiba wa kwanza. Alijichoma. Halafu akanyanyua mkono mwingine juu ya kovu, akakipata kidonda cha tawi nililokata mwaka jana. Kilikuwa kinafunga vizuri, kingo zake laini. Nilikikata kitaalamu.

Alikaa pale na mkono mmoja kwenye mlimau na mwingine kwenye kidonda, muda ambao mtu angemaliza kunywa glasi ya maji. Aliposimama alijipangusa magoti, akageuza uso wake kule alikodhani Mwalimu yuko. Hakukosea sana.

"Mwalimu, mimi sioni," alisema. "Huu ni msimu wa tatu. Naona mwanga na giza, na giza siku hizi ndilo jingi. Mti wako nimeuharibu mimi. Nilimwambia mke wangu akate tawi la mchungwa nikidhani ni lile baya. Kosa ni la macho yangu na la mdomo wangu uliokataa kusema."

Hebu fikiria. Maneno yale nilikuwa nimeyasubiri misimu miwili. Nilikuwa nimeyaombea. Yamesemwa, mchana kweupe, mbele ya mtu, bila mimi kufungua mdomo wangu. Kitu fulani kilifunguka mgongoni mwangu na nikaona naweza kukaa chini hapo hapo nilipo, kwenye mchanga, nilale. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza nilikuwa nimeshakuzoea.

Mwalimu alinijia akanishika mkono. Yule mama si mtu wa kushikana mikono. "Pole sana, mama," alisema. "Umebeba mzigo mkubwa peke yako, nasi tunakuona unapanda na kushuka tu. Pole."

Kama angenifokea ningenyamaza. Ile pole ndiyo iliyonishinda.

"Mimi niliona," nilisema.

"Uliona nini?"

"Niliona kuwa ni tawi la mchungwa. Nilikuwa nimelishika."

Mwalimu aliuachia mkono wangu taratibu. "Na bado ukalikata."

Kabla sijajibu, mume wangu aliingilia, haraka, kama mtu anayemvuta mwenzake kutoka barabarani. "Ndio utaratibu wetu wa kazi, Mwalimu. Aliye chini anasema, aliye juu habishi. Niliuweka mimi tangu zamani. Usimlaumu, yeye amefuata."

Nilimtazama akinitetea. Uso wake ulikuwa umeelekea kidogo kando yangu, kwenye mlango wa jikoni, na ulikuwa na huruma. Nimeona haya mara nyingi maishani, lakini siku hiyo niliona haya hata ya kusimama. Nikamwachia neno lake liwe la mwisho.

Mwalimu hakuwa mjinga. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akavuta pumzi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Haya," alisema. "Mti wangu unapona au hauponi?"

Hapo-Hapo akamweleza, na nilijua kutoka kwenye sauti yake kwamba anashukuru kuulizwa jambo analolijua. Chipukizi likatwe leo, lisiache kisiki, mahali pale pachunguzwe kila wiki kwa sababu litataka kurudi. Lile tawi dogo la ukutani litunzwe, liinuliwe na kufungwa kwenye nguzo ya mti mkavu ili lipande juu, likifika kimo cha mtu likatwe ncha litawanye matawi. Vijicho vichukuliwe kwake mapema, vibebeshwe miche mitano sita, endapo mti wenyewe utashindwa. Machungwa, miaka mitatu, pengine minne.

"Mimi nina miaka sabini na tatu," Mwalimu alisema.

Nikaenda kuchukua msumeno.

Nililikata chipukizi. Halikuhitaji kupanda, nilipiga magoti pale alipopiga yeye na kuanza msumeno. Yeye alikuwa amesimama juu yangu, mkono kwenye shina. Nilifika mahali ambapo siku zote angesema neno, nikasita, nikasubiri. Hakusema. Nikamaliza mwenyewe, nikasawazisha kidonda kwa kisu, tukaliburuta chipukizi na malimau yake mpaka nyuma ya banda. Mwalimu alituaga mlangoni. Kuhusu ile sitini alisema atafikiria kama atatuachia tena, na alipofunga mlango nilisikia komeo likipita.

Ngazi yetu tunaibeba wawili, mimi mbele, yeye nyuma. Watu hudhani ni nzito. Si nzito kiasi hicho. Ndivyo anavyotembea barabarani bila mtu kujua kwamba anaongozwa. Nikikata kona, ngazi inamwambia. Nikipanda ukingo wa barabara, inamwambia. Hatukuwahi kulizungumza hilo pia. Tulipita duka la vifaa vya ujenzi, tukapita kituo cha mafuta, jua likiwa la saa nane. Nikaanza kudhani kwamba yamekwisha.

"Mama," alisema kutoka nyuma.

"Naam."

"Ulivyomwambia Mwalimu kwamba uliona. Uliona kabla ya kukata, au ulipokwisha kata?"

Alikuwa amenipa mlango, nafikiri. Neno moja lingetosha: baada. Angelipokea, angelibeba mpaka nyumbani, na tungelala. Nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nililiona lile neno likiwa tayari mdomoni. Sikuweza kumwona uso kwa kuwa alikuwa nyuma yangu.

"Kabla," nilisema.

Ngazi ikasimama. Nilivutwa bega lile bovu, nikasimama nami. Mtu mwenye mkokoteni alitupiga mayowe tumpishe, tukasogea pembeni, kila mmoja bado ameshika upande wake.

"Na miti mingine?" aliuliza. "Misimu yote hii nilipokuwa nakuelekeza?"

"Ulipokosea nilikata lililo sahihi. Nikakuacha udhani ni lako."

Alifikiri. "Kwa hiyo nilikuwa naimba tu pale chini."

"Si siku zote."

"Na huu wa Mwalimu?"

"Huu nilikuachia." Nikaona nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu tena, na nusu nilikuwa nimeshazisema nyingi. "Nilitaka mti ukuambie kwamba huoni. Mimi niliogopa. Binti ulimfungia mdomo, nami nikaogopa unifungie. Na nilikuwa na hasira. Ulikuwa umemwambia Mwalimu mimi ni mzito."

"Nilimwambia hivyo kwa sababu nilikuwa siwezi kuharakisha," alisema. "Nilikuwa nazunguka mti mara tatu nisione kitu. Ilibidi awepo wa kusingiziwa."

Nilidhani baada ya hapo atanifokea. Nilitamani anifokee, mtu akifoka, na wewe unapata pa kuanzia. Niligeuka kumwangalia na nikamkuta ameinamisha uso, anaipapasa ngazi kwa vidole, kidaraja kimoja, cha pili, kama mtu anayehakikisha idadi. Alionekana mzee. Nadhani amekuwa hivyo kwa muda na mimi sikuwa namtazama, nilikuwa natazama macho yake tu.

"Mzee," nilisema. "Nisamehe."

Vidole vyake vikahamia kidaraja cha tatu.

"Kesho nipeleke hospitali ya macho," alisema.

Ni sentensi niliyoililia, niliyoipangia maneno usiku baada ya usiku, iliyomgharimu binti yangu baba yake na Mwalimu mti wake. "Kweli?" nikamwuliza. "Utakubali?"

"Nitakubali," alisema. "Nataka nikuone unavyokata."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anavyosema msumeno unahitaji kunolewa.

Nikamwambia foleni ya pale hujipanga mapema sana, itabidi tutoke nyumbani alfajiri. Akasema sawa. Nikanyanyua upande wangu wa ngazi, naye wake, tukaenda.